NDIZI ZISIZO NA MAJINA

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika kurasa za gazeti letu, nijibu malalamiko ambayo kila mwanachama ameyasikia na wengi wameyatamka wenyewe. Wenzetu waliohamishiwa Dodoma, tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba sasa itahamia huko kweli kweli, wakirudi kwa likizo husema neno moja: kule hakuna chakula. Dukani hawaoni ndizi za kwetu, hawaoni njugumawe, hawaoni amwani ya kumpa mgeni atafune anapoketi. Na ndugu zao waliobaki hapa Nyanga, na Rwamishenye, na Muleba, huwapa pole nyingi. Kisha saa ya kutoka kazini ikifika, hao hao wenye kutoa pole hushika njia ya dukani, wakanunua mkate na tambi na boksi la maji ya matunda, na wakimkuta mama ameweka mikungu yake kando ya barabara humwuliza, "Ndizi bei gani?" Hapo, katika swali hilo dogo, ndipo penye ugomvi wangu.

Kwamba Dodoma hakuna ndizi kama zetu si kosa la Dodoma. Nchi ile ina mvua chache, nayo ni nchi ya uwele na mtama na mlenda. Mtu asitake mgomba uote Kongwa kama uotavyo Kanyigo. Mgogo akiletwa kazini Bukoba naye huutafuta unga wa uwele asiuone, akaambiwa ale ndizi, akazila kwa adabu ya mgeni. Moshi wana ndizi zao za mshare na mtori wao. Rungwe wana zao. Kila nchi imejaliwa chakula chake, na tofauti hiyo siipigii kelele hata kidogo, maana kama maduka yote ya Tanganyika na Visiwani yangekuwa na vitu vile vile, safari isingekuwa na faida yoyote ila kuchoka. Kosa la mtu anayelia Dodoma ni jingine. Yeye hudhani kwamba alichokiacha nyumbani kinamngoja. Mimi niliye nyumbani namwambia hakimngoji. Kinaondoka polepole, na mlango kinaotokea ni ule ule wa duka na soko.

Tazameni watu wa pwani. Mtu wa Unguja akienda sokoni Darajani hasemi, "Nipe ndizi." Husema mkono wa tembo, au mzuzu, au pukusa, au kisukari, kila moja kwa kazi yake, na muuzaji akimpa nyingine atagombezwa mbele za watu. Embe vivyo hivyo: dodo ni dodo, boribo ni boribo, na mtoto mdogo ajua tofauti yake. Hii si kwa sababu watu wa pwani wana ulimi bora kuliko wetu. Ni kwa sababu wanapotoa fedha hutaja jina.

Au chukueni mchele. Mpunga si chakula chetu cha asili hapa Bukoba. Walakini karani yeyote akiingia dukani huuliza kama ni mchele wa Kyela, au wa Mbeya, au wa Kahama. Hunusa kwanza, hutazama punje katika kiganja, ndipo akalipa. Wa Kyela una bei yake, na watu huilipa kwa ajili ya harufu yake. Basi mkulima wa Kyela ajua kwamba jina la nchi yake limeandikwa juu ya gunia katika duka asilopata kuliona maisha yake yote, na kwa hiyo anayo sababu ya kuitunza mbegu yake. Mtaniambia kwamba wako wafanyabiashara wanaoandika Kyela juu ya gunia ambalo halikutoka Kyela. Ni kweli, wako wengi. Lakini hata mwongo huyo ni shahidi wa upande wangu, maana hakuna mtu anayeghushi jina lisilo na thamani. Nani amepata kughushi Enshakala?

Na Enshakala ni nini? Naogopa kwamba katika wasomaji wa gazeti hili wako vijana, watoto wa vibanja vya hapa hapa, watakaouliza swali hilo. Ni ndizi ya kupika. Tena iko Enyoya, iko Enchoncho, iko Entobe, iko Enshansha, na nyingine nyingi zenye majina yanayobadilika kidogo ukitoka Kiziba hata Ihangiro. Mbali na embile za kutengenezea rubisi, na enkonjwa za kuchoma. Mzee mwenye kibanja huzitambua kwa shina, kwa jani, na kwa namna mkungu unavyoning'inia, kama karani wa masjala atambuavyo faili kwa rangi ya jalada lake. Humpa mgeni wa heshima hii, huwapikia watoto ile, na nyingine huiacha imalizie kukomaa kwa sababu ya siku fulani anayoitazamia. Elimu hii haikuandikwa na mtu mmoja. Wataalamu wa migomba wasema kwamba mgomba asili yake ni Asia, lakini ndizi hizi za nyanda za juu zinazozunguka Maziwa Makuu zilizidi aina hapa hapa Afrika, mikononi mwa wakulima waliochagua chipukizi hili na kuliacha lile, kizazi kwa kizazi.

Sasa fuateni mkungu mmoja uone safari yake. Ndani ya kibanja unalo jina. Unakatwa, unafungwa juu ya baiskeli, unafika barabarani, na hapo jina lake limekwisha kuachwa nyumbani. Mchuuzi huupima kwa jicho na kwa kuunyanyua: mkubwa bei hii, wa kadiri bei hii, mdogo bei ya kutupa. Haulizi ni wa mgomba gani, kwa sababu yeye naye hataulizwa. Ukipanda lori kwenda Dar es Salaam, ukishuka katika soko la Mabibo utaitwa "ndizi Bukoba", nalo ni jina la mji tu, si jina la mgomba. Ukipita ziwani, ni vivyo hivyo. MV Victoria ilisimama mwaka 2014, ikarudi majini mwaka 2020 ikiitwa New Victoria. Meli imepewa jina jipya, ila ndizi iliyomo tumboni mwake haikupewa hata lile la zamani.

Hapo mtaona jinsi ndizi njema inavyokufa bila kuuawa na mtu. Kama bei ni ya ukubwa peke yake, mwenye mgomba wa mkungu mdogo ulio mtamu amepata hasara, na mwenye mgomba wa mkungu mkubwa ulio chapwa amepata faida. Mwaka wa kwanza atautazama mgomba wake mtamu kwa huruma. Mwaka wa pili atauacha karibu na nyumba kwa ajili ya chungu chake mwenyewe. Akifa, mwanawe aliye Mwanza atakuja kugawa kibanja, na katika migomba yote atautambua ule tu unaouzika.

Najua jibu litakalokuja, nami nalijibu kabla halijafika. Watasema, "Ndugu, wewe walaumu makarani bure, ndizi zetu ziliuawa na ugonjwa." Siukatai ugonjwa. Fukusi wa migomba na minyoo ya mizizi wameila nchi hii miaka mingi, na rutuba imepungua kwa kuwa ng'ombe wamepungua na samadi imekwenda nao. Kisha ukaja mnyauko, huu tunaouita unyanjano. Ulijulikana kwanza Ethiopia. Mwaka 2001 ukaonekana Uganda. Mwaka 2006 ukaonekana kwetu, katika wilaya ya Muleba. Wadudu huuchukua kutoka ua la mgomba mmoja hata jingine, na sisi wenyewe huuchukua kwa panga na visu. Tumefundishwa kuvunja ua dume kwa mti wenye panda, kupitisha panga motoni, na kutopokea chipukizi kutoka shamba tusilolijua. Kuna familia zilizong'oa kibanja kizima, zikakaa zikitazama udongo mtupu mahali palipokuwa na kivuli tangu babu wa babu. Mtu asiyepata kuona jambo hilo asilizungumze kwa wepesi.

Lakini sikilizeni vizuri. Ugonjwa hueleza kwa nini mgomba umekufa. Hauelezi kwa nini haukupandwa tena. Unyanjano haubagui sana kati ya ndizi tamu na ndizi chapwa za kupika. Ukiingia huzichukua zote. Siku ya kupanda upya, mkulima husimama mbele ya shimo tupu na jembe mkononi, naye ana nafasi ya kuchagua. Katika kuchagua huko hayuko peke yake. Mnunuzi amesimama pembeni yake, ingawa haonekani, naye ndiye amwambiaye, "Panda ule wenye mkungu mkubwa, maana mimi sijui mwingine."

Na mikungu mikubwa ilikuwa imekwisha kufika. Kati ya mwaka 1997 na 2002 mradi wa KCDP, uliosaidiwa na Ubelgiji, ulileta Kagera mbegu mpya na kuzigawa kwa wingi: FHIA-17, FHIA-23, Yangambi Km5, na nyingine. Hizo FHIA zilizalishwa Honduras; hiyo Yangambi ina jina la kituo cha utafiti cha Kongo. Asije mtu akasema kwamba nazitukana. Zilikuja wakati wa njaa na zilishiba watu. Hustahimili madhara ambayo yaliziua za kwetu, na mkungu wake mmoja huweza kumtoa jasho kijana mwenye nguvu. Wakulima wengi ninaowajua huzikubali shambani na kuzilalamikia mezani, kwa kuwa zikipikwa hulainika mno na ladha yake si ile. Lakini angalieni ajabu: mbegu iliyotoka Honduras imefika kwetu na jina lake na hata namba yake, nayo tunaitaja bila kukosea, moja-saba, mbili-tatu, kama namba ya barua ya Serikali. Ya babu zetu tunaiita ndizi.

Mtu mwingine atasema kwamba duka la siku hizi halitaki vitu vya kienyeji. Lataka kitu kilichofungwa katika karatasi nzuri, chenye alama na tarehe. Huyu naye hajatazama rafu. Africafe ni nini? Ni kahawa inayosagwa na kutengenezwa na Tanica papa hapa Bukoba, nayo iko katika maduka ya nchi nzima na nje ya nchi, kwa kopo na kwa pakiti. Na senene? Zamani senene alikuwa chakula cha msimu, wa kukimbiliwa nyasini na chini ya taa katika mvua za Novemba na Desemba, akaliwa nyumbani, akapelekwa zawadi. Leo hukaangwa, hutiwa katika vikopo na pakiti, husafirishwa kwa basi, na mtu wa Dar es Salaam humlipia fedha ambazo zingetosha kununua nyama, wala hakubali kupewa panzi mwingine badala yake. Duka halikumkataa senene. Lilimpokea kwa mikono miwili siku ile wenye mishahara walipoanza kumwulizia kwa jina na kumlipia kwa furaha. Mdudu ameheshimiwa kuliko mgomba, nami sioni sababu nyingine ila hiyo.

Haki yapasa nitaje pia jambo ambalo mnunuzi asingeweza kuliokoa, ili nisionekane kama mtu mwenye dawa moja kwa kila ugonjwa. Nasema juu ya samaki. Wazee wetu wa kando ya ziwa walikula ngege, walikula ningu aliyepanda mito wakati wa mvua, walikula furu wadogo waliokaushwa. Nyavu za makila zililetwa katika ziwa hili mwaka 1905, na Michael Graham alipolipima ziwa mwaka 1927 na 1928 alikwisha kuona kwamba ngege wanapungua, akashauri nyavu zenye matundu madogo zikatazwe. Kisha katika miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960 sangara akatiwa ziwani, samaki ambaye si wa humo, na katika miaka ya 1980 akazidi kupita kiasi. Furu, ambao wataalamu wamewahesabu aina zaidi ya 500, wakaliwa na wengi wao wakatoweka. Minofu ya sangara ikapanda ndege kwenda Ulaya, nasi tukabakiwa na vichwa na mifupa, tukavitungia jina, mapanki. Na yule aliyetiwa chumvi na kukaushwa akapelekwa Kongo akiitwa kayabo. Katika hayo karani wa Bukoba hana hatia. Hakuulizwa, na hata angeuliza furu kwa jina kila siku, furu asingerudi.

Lakini hata hapa jina lina neno lake. Mkiagiza sato leo hotelini, mnaletewa samaki ambaye naye aliletwa ziwani katika miaka hiyo hiyo ya 1950. Ngege wa kale amesalia zaidi katika maziwa madogo ya pembeni. Samaki mmoja ameondoka na mwingine amekaa katika kiti chake, na kwa kuwa vijana hawakufundishwa majina mawili, hakuna aliyegeuza shingo. Hilo ndilo ninaloliogopa kwa ndizi. Tofauti ni kwamba ngege tumemkosa, na Enshakala bado ipo. Iko katika vibanja vya wajane na vya wazee wakaidi, migomba mitatu hapa, minne kule.

Njugumawe nazo nisizisahau, ingawa sitakaa sana juu yake. Zililimwa na wanawake katika rweya, nyikani nje ya vibanja, kwenye udongo ambao wanaume waliudharau. Sehemu nyingi za rweya sasa zimepandwa misonobari na mikaratusi, maana mti wa mbao una mnunuzi anayejulikana. Mama anayetaka kulima njugumawe hana budi kwenda mbali zaidi, na akizivuna huziuza kwa kikombe kando ya barabara, kwa watu wanaopita ndani ya magari ya ofisi vioo vikiwa vimefungwa.

Na hapa nimefika ofisini kwetu. Nani asiyejua chai ya semina? Wakuu wamekuja, ukumbi umepambwa, fedha ya chakula imetengwa, na karani mmoja wetu amepewa kazi ya kuagiza. Huagiza nini? Chapati, maandazi, sambusa na soda. Mchana wali, chipsi na kuku. Ngano iliyomo katika maandazi hayo, sehemu kubwa ya ngano inayoliwa nchini, imetoka ng'ambo kwa meli. Mita 50 kutoka mlango wa ukumbi amekaa mama mwenye ndizi za kuchoma na njugumawe za kuchemsha, na amwani iliyokaushwa vizuri ndani ya jani la mgomba. Hakuna sheria iliyomkataza kuingia. Hakuna waraka wa Serikali uliosema mgeni asipewe chakula cha nchi aliyoijia. Ni sisi makundi ya wenye kalamu tulioamua, bila kikao na bila kumbukumbu, kwamba chakula chenye heshima ni kile kisicho na jina la hapa. Mgeni kutoka Dodoma au Dar es Salaam hurudi kwao akisema Bukoba kuna wali mzuri. Ni aibu, na naiandika kwa herufi zilizo wazi.

Wengine watanijibu kwa kicheko kwamba chama chetu ni cha mishahara na vyeo, si cha ndizi. Nawakumbusha kwamba watumishi Waafrika wa Serikali walipounda chama chao cha kwanza Tanga mwaka 1922, Martin Kayamba akiwa mbele yao, hawakukutana ili wahesabu shilingi peke yake. Walitaka mtu mwenye kazi ya kalamu aonekane kuwa mtu kamili. Na mshahara wenyewe ni nini kama si kile unachokinunua? Mwenye mshahara ulioongezwa, ambaye haoni tena sokoni kile alichokipenda, ameongezewa karatasi.

Wengine watasema kwamba kutaja majina ya Kihaya sokoni ni mambo ya kikabila, nasi tu Watanzania. Sijapata kusikia mtu akisema kwamba mchele wa Kyela ni ukabila. Mnyakyusa anaula, Mhaya anaula, Mmakonde anaula, na jina halikumdhuru mtu. Chakula kilichotajwa kwa jina chaweza kupendwa na mtu yeyote aliyekionja. Kisicho na jina hakiwezi kuulizwa mara ya pili.

Na wako watakaosema bei itapanda. Naam, itapanda, na hiyo ndiyo maana yake. Nataka ipande kidogo. Nataka mjane mwenye migomba mitatu ya Enyoya apate kwa mkungu wake mdogo fedha iliyo sawa na ya jirani mwenye mkungu wa mabavu, ili mwaka ujao awe na migomba sita. Watumishi wa mshahara wa mwisho wa mwezi ndio watu wachache katika mji huu wanaoweza kulipa ziada hiyo bila watoto kulala njaa. Mkulima hawezi kumlipa mkulima mwenzake.

Basi naweka mbele ya halmashauri ya chama mambo haya, nayo nataka yaandikwe katika kumbukumbu na kupigiwa kura, yasiishie kusomwa na kukunjwa.

Kwanza, mkutano mkuu ujao chai yetu isiwe na ngano. Iwe ndizi, za kupika kwa maharage na za kuchoma, pamoja na njugumawe na amwani. Na mama atakayezileta alipwe siku hiyo hiyo, asiambiwe arudi mwisho wa mwezi kwa hundi.

La pili ni kwa ndugu zetu wa Dodoma. Wao ni wengi sasa, na ninasikia kwamba mara kwa mara huchanga fedha wakaagiza mzigo. Wasiandike tena "mikungu 40". Waandike Enshakala kumi, Enchoncho kumi, na kadhalika, na mzigo ukifika na kitu kingine waukatae mara moja tu. Mchuuzi ataelewa upesi kuliko mtakavyodhani. Nao wasiagize chipukizi za kupanda kwa njia hiyo, kwa sababu ya unyanjano. Mwenye kutaka mbegu safi aende kwa wataalamu wa utafiti walioko Maruku.

La tatu ndilo kubwa kwangu. Sisi ni watu wa daftari. Karani atakayeweka barua zote za wilaya katika jalada moja lililoandikwa "Barua" atafukuzwa kazi kabla ya saa sita. Naomba chama kinunue daftari moja la kurasa nyingi, na kila tawi, kuanzia Bukoba hata Muleba, liandike majina ya ndizi zinazojulikana katika kata yake: jina, kazi yake jikoni, nani bado anayo, na kama yuko tayari kuuza. Tawi la Nyanga liko tayari kuanza. Atakayeandika asianzie ofisini kwa bwana shamba, ambaye ana kazi nyingi. Aanzie kwa akina mama wa sokoni, alfajiri, kabla malori hayajapakia, akae juu ya ndoo iliyogeuzwa, na kila mkungu unaoteremshwa kutoka baiskelini aulize swali moja: huu unaitwaje kwenu?

Wasalaam,

Ni mimi,
Mwanachama wa Tawi la Nyanga, Bukoba.